Nondo Kumi na Nne

“Baba, ukuta una mbegu inayotembea.”

Aliyesema ni Zuhura, binti yangu wa miaka minane, na alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuambia maji yamekatika. Ilikuwa wiki ya pili ya Machi, masika yanaanza kupiga hodi, nami nimekaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, nasahihisha muswada. Kazi yangu ndiyo hiyo. Nasoma vitabu vya watu kabla ninyi hamjavisoma, natafuta nukta zilizopotea. Nikamjibu bila kuinua kichwa kwamba hilo ni vumbi.

“Vumbi halipandi ukuta.”

Nikainuka. Karibu na mlango wa bafu, chini ya ukingo wa bati, palikuwa na kitu cha kijivu, bapa, kimechongoka ncha zote mbili na kutanuka katikati. Ukubwa wake haukufika mbegu ya tikiti maji. Tuliposogea kikatulia. Tukasubiri. Baada ya kama dakika moja, kwenye ncha ya juu kikachungulia kichwa cha kahawia iliyoiva, kikafuatiwa na miguu midogo sita. Miguu ikashika ukuta, ikavuta, na mbegu nzima ikapanda kidogo. Ikashika tena, ikavuta tena. Mpagazi wa Kariakoo akipandisha gunia ngazini, basi vilevile.

Ukweli ni kwamba nimewaona wadudu hawa maisha yangu yote. Wako bafuni, nyuma ya kabati, kwenye kona ya dari palipo na utando wa buibui. Nimewafagia kwa miaka arobaini na tatu nikidhani ni chokaa iliyobanduka. Hata wewe unayesoma hapa, ukiacha simu sasa hivi ukaenda kuangalia ukuta wa bafu lako, hasa kama unakaa pwani kwenye joto na unyevu, uwezekano wa kumkuta mmoja ni mkubwa. Kilichonishtua siku ile siyo mdudu. Ni kwamba mtoto wa miaka minane aliniuliza, “Sasa hiyo ni nyumba yake au ni yeye mwenyewe?” nami sikuwa na jibu.

Nilikuwa na sababu ya kuumwa na neno nyumba wiki ile. Siku tatu kabla, warithi wa mwenye nyumba wetu walikuja, wakakaribishwa viti, wakanywa chai, na kwa adabu zote wakatuambia nyumba inauzwa. Sisi wapangaji, kaya tano, tulipewa miezi mitatu. Sina lawama. Marehemu baba yao alitupangisha miaka kumi na moja bila makelele, na urithi ni haki ya mtu. Lakini miezi mitatu ni miezi mitatu. Na sote tunajua mambo ya mji huu: chumba kipya, kodi ya miezi sita mkononi, dalali naye ana chake.

Halafu kulikuwa na hizo nondo.

Chini ya ukuta uleule, kwa urefu wa ua, zilikuwa zimelala nondo kumi na nne, milimita 12, zimekunjwa katikati kama zinavyokunjwa kwa ajili ya kusafirishwa, zimeinuliwa juu ya matofali ili zisiguse ardhi. Alizileta baba yangu. Alikuwa fundi mwashi, mtu wa kujenga nyumba za wengine Mbagala hii na Temeke yote. Kila akilipwa kazi kubwa alikuja na nondo moja, mara nyingine mbili, juu ya mkokoteni. Anasalimia wapangaji, anazilaza pembeni, anakunywa maji, anaondoka. Zilikuwa za nyumba yangu. Nina kiwanja huko njia ya Mkuranga na msingi ambao mzee aliupandisha kwa mikono yake mwaka niliooa. Zaidi ya hapo hapakuendelea kitu. Mshahara wa msahihishaji mnaujua, na kama hamuujui, afadhali.

“Nondo haiozi,” mzee alikuwa anasema kila akiweka moja. Siku nyingine nilisikia faraja ndani ya maneno hayo. Siku nyingine nilisikia shutuma.

Alipofikisha kumi na nne aliacha kuleta. Sikumuuliza kwa nini. Nilidhani amechoka na mimi, au nguvu zimemwisha, maana alikuwa keshaanza kuumwa mgongo. Miaka miwili baadaye alifariki. Nondo zikabaki palepale, zikaota kutu, watoto wa uani wakazifanya benchi.

*

Tulimweka yule mdudu kwenye chupa ya jemu, tukafunga mdomo kwa kipande cha chandarua na mpira. Mama Zuhura akasema kama kitatoka kitu cha kuuma, basi mimi na binti yangu tutalala na chupa yetu nje. Jioni, badala ya kutafuta vyumba kwenye simu, nikajikuta natafuta mdudu.

Ni kiwavi wa nondo. Wataalamu wanamweka katika jenasi inayoitwa Phereoeca, ndani ya familia ya Tineidae, ukoo mmoja na wale wanaotoboa masweta kabatini. Mwaka 1979 mtafiti wa taasisi ya Smithsonian huko Panama, Annette Aiello, alichapisha maelezo ya maisha ya mmoja wa jamii hii, na tangu nisome habari zake nampenda mama huyo bila kumjua. Ili kuwafuga aliwalisha mbu waliokufa na nywele zake mwenyewe. Nilimsomea Zuhura sehemu hiyo. Jumamosi yake, aliporudi kusuka, alikuja na kifundo cha nywele zake kilichobaki kwenye chanuo, akakitumbukiza chupani kwa heshima, kama mtu anayeweka sadaka. Tukaongeza utando wa buibui, maana huo ndio chakula chake kikuu ndani ya nyumba zetu. Utando wa zamani, ambao buibui mwenyewe keshauhama.

Sasa sikilizeni anavyojenga, kwa sababu hapo ndipo usingizi uliponiruka.

Jike hutaga mayai yanayoweza kufika mia mbili kwa muda wa wiki moja, akiyabandika kwenye takataka za nyufani, pale ukuta unapokutana na sakafu. Yai moja halifiki nusu milimita. Baada ya siku kumi na kitu kiwavi anatoka, na kazi yake ya kwanza duniani ni ujenzi. Anatema hariri, anatengeneza tao dogo lililoshikizwa chini kwa pande zote mbili, kama mlango wa msikiti wa zamani. Juu ya tao anabandika alichokikuta: punje ya mchanga, unyoya wa vumbi, kipande cha mguu wa sisimizi, kinyesi cha mdudu mwingine. Upande wa ndani hakuna uchafu hata chembe, ni hariri tupu. Analirefusha tao mpaka liwe handaki, yeye akiwa ndani muda wote, halafu anaziba sakafu yake. Handaki linakuwa bomba, linaachana na ardhi. Kuanzia siku hiyo anatembea nalo.

Anajivua ngozi mara kadhaa, na kila akikua anaipanua nyumba. Hahami kwenda kubwa zaidi. Anaongeza ileile. Mwishoni inafika milimita 8 mpaka 14 kwa urefu, na upana wa katikati kama milimita 4 hivi. Ule upana una kazi: unamwezesha kugeuka ndani. Ncha zote mbili ni milango, na zinafanana. Akitaka kwenda huku anatokea huku, akitaka kurudi anageuka chumbani kwake na kutokea kule. Ukimgusa, anavuta kingo za mlango kwa ndani na kujifungia, na mlango huo kuufungua bila kuuharibu ni kazi. Miguu yake ya mbele ndiyo ya safari, ile ya nyuma ina vindoano vya kushikia nyumba isimwache njiani.

“Kwa hiyo ni nyumba yake,” Zuhura alisema nilipomaliza. “Lakini akiitoa anakufa?”

“Nadhani atakauka.”

“Basi ni yeye mwenyewe.”

Aliangalia tena kwa lenzi yangu ya kusomea nukta. Upande mmoja wa kifuko ulikuwa na punje za rangi ya matofali mabichi. Nami nikaangalia. Kisha tukaangaliana, tukageuza macho wote wawili pale ukutani, chini, kwenye zile nondo. Viwavi hawa hutumia hata kutu, nilikuwa nimesoma hivyo usiku uliopita.

“Amevaa nondo za babu,” mtoto akasema.

*

Wapenzi wa lugha mtakuwa mmeshaona nilipokwama. Nondo amevaa nondo. Kiswahili kina neno hilo moja kwa vitu viwili visivyojuana: mdudu mwepesi ambaye ukimshika anakuachia unga wa kijivu vidoleni, na chuma kinachoshikilia ghorofa. Kamusi huvitenga kama maneno mawili yaliyogongana kwa sauti tu, na mengine hukuongezea la tatu, joka la hadithini. Mtaani kuna la nne. Mtu akizungumza hoja nzito anasifiwa kwamba ameshusha nondo, na shahada ya chuo nayo ni nondo. Katika miswada ninayosahihisha nimeshakutana na mhusika “aliyetazama nondo akizunguka taa”, na sentensi mbili mbele “nondo zimepanda bei”. Ngeli ndizo zinazotuokoa. Mdudu nondo amekuja, chuma nondo imekuja. Kiambishi kimoja ndicho kinachotenganisha kitu chenye roho na kisicho nacho.

Mama Grace, jirani wa chumba cha mbele, aliposikia habari za chupa yetu akacheka. Akanikumbusha kwamba kwenye Injili ya Mathayo nondo na kutu vimetajwa pamoja, na wezi wako palepale, katika onyo la kujiwekea akiba duniani. “Wewe una vyote vitatu,” akasema. “Una nondo, una kutu, na pale kiwanjani ulishaibiwa tofali.”

Ni kweli, tofali mia na zaidi. Ndiyo sababu nondo hazikukaa kiwanjani.

Nilicheka naye, lakini maneno yake yaliganda. Katika onyo lile nondo na kutu ni waharibifu, upande mmoja na mwizi. Na ni haki, muulize yeyote aliyewahi kukunjua suti ya harusi yake baada ya miaka kumi. Ila mimi nilikuwa na chupa mezani ambamo mharibifu mmoja alikuwa anaokota uharibifu wa mwenzake, punje kwa punje, na kujijengea ukuta.

Katika kusoma nikakutana pia na Réaumur, Mfaransa wa karne ya 18, aliyewachunguza viwavi wa nondo wa nguo wanaojenga vifuko kama hivi. Aliwahamisha kutoka kitambaa cha rangi moja hadi kitambaa cha rangi nyingine. Kwa kuwa kiwavi anajengea alichonacho karibu, kifuko kilipopanuliwa kilipata mistari ya rangi, na Mfaransa akaweza kusoma ni wapi kilirefushwa na ni wapi kilipasuliwa ubavuni kuwekewa kiraka cha kukipanua. Nilipomweleza Zuhura, akaenda moja kwa moja kwenye sweta lake la shule lililochakaa, la kijani, akachomoa nyuzi na kuzikatakata ndani ya chupa.

Mama yake hakufurahi. Lakini baada ya siku tisa tuliona ukingo wa kijani, mwembamba kama uzi wa buibui, kwenye ncha zote mbili.

*

Aprili ikaingia, mvua ikawa mvua kweli, na hesabu zikagoma. Chumba kimoja tulichokipata, mbele kidogo ya tulipo, kilikuwa shilingi 70,000 kwa mwezi. Vyumba viwili, 140,000. Kwa miezi sita ni 840,000. Hatukuwa nazo. Mke wangu, Saumu, ambaye katika nyumba yetu ndiye Wizara ya Fedha, aliandika kila kitu nyuma ya daftari la mtoto, kisha akaniuliza taratibu, “Zile nondo sasa hivi zinauzwaje?”

Nilijua swali lile litakuja, na nilijua kwamba ni swali la haki. Nondo kumi na nne hazijengi nyumba. Zinalala, zinaliwa, na tunahama. Jirani wa nyuma alikuwa anajiandaa kumwaga lenta na angezichukua kesho yake.

“Nipe wiki,” nikasema.

Nilimpigia Fundi Shabani. Ni mtu mzima, alijifunza kazi kwa baba, na ndiye aliyemshikia ngazi mpaka siku za mwisho. Nilimwomba aje aziangalie, aniambie kama zinafaa kuuzwa kama nondo au zimeshakuwa chuma chakavu. Alikuja Jumapili. Nikampa shikamoo, akapokea, akavua viatu kama anaingia chumbani kwa mtu, akachuchumaa. Alisugua moja kwa brashi ya waya, akapima kwa vidole, akasugua nyingine.

“Kutu ya juu tu hii,” akasema. “Haijala ndani. Tena zege hushika vizuri penye kutu kidogo kuliko kwenye chuma kinachoteleza. Unataka kumwaga lini?”

“Sitaki kumwaga, fundi. Nataka kuuza.”

Akanyamaza. Akazihesabu kwa kuzigusa, moja mpaka kumi na nne, ingawa idadi alikuwa anaijua.

“Mwanangu, wewe unajua hizi ni za nini?”

“Za nyumba.”

“Za mkanda wa msingi,” akasema. Akachukua kijiti akachora chini, pale uani, penye udongo mbichi. Akachora msingi wangu, vyumba viwili na sebule. Kuta zote, za nje na za kati, ukizipima kwa kamba ni mita 40. Mkanda una nondo nne, mbili juu, mbili chini. Nne mara arobaini ni mita 160. Nondo moja ina mita 12. Kumi na nne ni mita 168. Hizo nane zinazobaki ni za kupishana, pale nondo moja inapoisha na nyingine kuanza.

“Mzee hakuwa analeta nondo hivihivi,” Fundi Shabani akasema. “Alikuwa na kamba. Alipofika kumi na nne aliniambia, Shabani, mkanda wa kijana umetimia, sasa kazi kwake.”

Sijui nilikaa kimya muda gani. Miaka sita nilidhani yule mzee aliniacha katikati. Nilidhani kumi na nne ni idadi ya mahali alipochokea. Kumbe alimaliza. Alimaliza sehemu yake kamili, akakaa pembeni kunisubiri, na hakusema neno, kwa sababu alidhani mtu anayesoma vitabu vya watu mchana kutwa ataweza kusoma nondo kumi na nne.

Nami ni msahihishaji. Kazi yangu ni kuona kilichopo kwenye ukurasa.

“Zikishaingia kwenye zege,” Fundi akaongeza akivaa viatu, “kutu inaishia hapo. Na mwizi naye anaishia hapo.”

*

Tarehe 20 Aprili yule wa chupani alipanda mpaka juu, karibu na mpira, akajifunga kwa hariri na hakusogea tena. Tulidhani amekufa. Nikarudi kwenye maandiko. Kumbe kiwavi akikomaa hutafuta mahali pa juu, anakifunga kifuko, kisha anaikata kidogo ncha moja pembeni, huku na huku, ili iwe bapa kama midomo iliyofumbwa: rahisi kufunguka kutoka ndani, ngumu kufunguka kutoka nje. Anageuza kichwa kuelekea mlango huo. Halafu anakuwa pupa. Yaani kazi yake ya mwisho kama mjenzi ni kuandaa mahali pa kutokea. Na hatarudi tena humo.

Kutoka yai mpaka nondo kamili, kwa wastani, ni siku 74 hivi. Notisi yetu ilikuwa siku 90. Usinicheke, lakini nilizipanga hesabu hizo mbili pembeni kwa pembeni kwenye daftari.

Usiku ule nilimchorea Saumu mchoro wa Fundi nyuma ya daftari lilelile. Sikumbembeleza. Nilimwambia mita 40, nne, kumi na nne, mita nane za kupishana. Aliangalia muda mrefu. Yeye na mzee walipendana sana. Ndiye aliyekuwa anampa yale maji ya kunywa.

“Chumba kimoja,” akasema mwishowe.

“Nini?”

“Tupange kimoja. Laki nne na ishirini tunayookoa iwe saruji na kokoto. Mwezi wa tano ni zamu yangu ya mchezo, hiyo itakuwa ringi, waya na siku za fundi.” Akafunga daftari. “Ila Zuhura atalala nasi chumba kimoja, na ana miaka minane. Na vitabu vyako haviingii.”

Hayo ndiyo malipo, na sitaki kuyaficha ili hadithi iwe tamu. Kiwavi kila akikua anapanua. Sisi tulipunguza. Tunalala watatu penye pazia katikati, na maboksi yangu tisa ya vitabu yako kwa dada yangu Tandika, ambaye kila nikimpigia simu ananiuliza kama karatasi ina bei siku hizi. Mkanda wa msingi nao si nyumba. Hauna ukuta, hauna bati, mvua inaunyea. Inawezekana miaka sita mingine ikapita. Saumu anajua, mimi najua.

*

Nondo alitoka siku ya kumi na sita, mchana, jua la utosini. Wadudu hawa hutoka saa hizo, kwa hiyo tulikuwa tumemwandaa Zuhura, na kwa bahati siku hiyo hakwenda shule. Ganda la pupa lilisukuma ile midomo, likajitokeza nusu, likapasuka. Aliyetoka alikuwa mdogo kiasi cha kukatisha tamaa. Wa kijivu, mabawa yana madoa machache meusi, akitandaza yote hafikii upana wa ukucha wa kidole gumba. Alikaa juu ya nyumba yake mpaka mabawa yakakauka.

“Atakula nini?” mtoto akauliza.

Anavyoeleweka, hali tena. Amekula vya kutosha alipokuwa mjenzi. Zilizobaki ni siku chache za kutafuta mwenzake, na kama ni jike, nyufa za kutagia.

Tulifungua chandarua. Hakuruka kwa mbwembwe yoyote. Alitembea kwenye ukingo wa chupa, akaruka mpaka ukutani, akatulia kivulini penye utando wa buibui, na ukiondoa macho usingemwona tena. Kifuko kilibaki. Kijivu, chekundu cha kutu, na ukingo wa kijani huku na huku. Nilitaka kukiweka kwenye kurasa za kamusi, Zuhura akakataa. Akasema kamusi inabana.

Mwisho wa Mei mvua ilipumzika siku nne. Fundi Shabani alikuja na vijana wawili na kirikuu. Wapangaji wote walitoka, hata Mama Grace, tukazibeba nondo moja moja kutoka uani kupitia korido mpaka barabarani. Zilipoondoka, chini ya ukuta palibaki mistari ya rangi ya chungwa kwenye sakafu, mirefu, imenyooka, na matofali yaliyokuwa yamezibeba. Shati langu lilikuwa na mistari hiyohiyo begani. Saumu alilifua mara mbili, haikutoka.

Kabla kirikuu hakijaondoka, Zuhura alipiga kelele wasubiri. Alipanda juu ya gurudumu akaanza kukagua nondo kwa lenzi yangu, moja baada ya nyingine, akiwa amekunja uso kama mkaguzi wa serikali. Fundi akaangalia saa, akaangalia mawingu, akanyamaza. Mtoto aliwapata watatu, wameng’ang’ania kwenye mikunjo ya chuma, milango wameifunga. Akawabandua kwa ukucha, akawakusanya kiganjani, akarudi nao ndani kupitia korido hadi uani, akawaweka ukutani pale karibu na bafu, kwenye nyumba ambayo haikuwa yetu tena.

Kisha akaja mbio, akapanda mbele katikati yangu na Fundi, tukaenda kumwaga zege.